Sifuri ya Kinyozi

Nyumbani kwa mama, 4 Machi

Kwa Kinyozi, mume wangu,

Nimefika salama. Nyonga ya mama imewekewa chuma, daktari kasema asikanyage chini mpaka aambiwe, na mama kasema daktari mwenyewe ni mtoto mdogo. Kwa hiyo nitakaa huku zaidi kuliko nilivyokuambia. Simu haishiki mpaka upande gari hadi mjini, na mimi sioni hasara. Kwenye simu una mdomo mtamu, unanichekesha, nikikata najikuta sijajibiwa nilichouliza. Kwenye karatasi neno linakaa palepale, nalisoma mara ya pili nimetulia. Basi la mchana linabeba barua, mpe kondakta tu.

Sasa tangi la samaki wa baharini. Nilipokuwa nakueleza ulikuwa unanoa mkasi na kuitikia "ndiyo, ndiyo", kwa hiyo narudia. Maji ya bomba yasiwafikie samaki hata tone. Yana klorini, yana chokaa, yana kutu ya mabomba ya mtaa mzima. Yapite kwanza kwenye mashine iliyo chini ya sinki: chujio la tope, chujio la mkaa, kisha utando, ambao ndio moyo wa mashine, na mwisho kile kichupa chenye chenga za rangi, kinachokamata kilichoponyoka kote huko. Mpira mweusi unatoa maji machafu, yakinge kwenye beseni, yanafaa kufulia taulo zako za kazi. Mpira wa bluu unatoa maji safi. Hayo safi uyapime kwa kile kipimo chenye ncha mbili, kinachosoma uchafu uliobaki, na namba iwe sifuri.

Maji ya tangi yakipungua, kilichopaa ni maji matupu, chumvi yote imebaki ndani. Kwa hiyo unaongezea yasiyo na chumvi mpaka kwenye mstari. Usije ukawa mkarimu ukawaongezea chumvi, utawaua kwa wema.

Halafu uniandikie namba unayoiona. Si ile unayodhani nataka kuiona. Unayoiona.

Mama anakusalimu. Anauliza ndevu za marehemu kaka yake ulizinyoa wewe siku ile au nani, kwa maana zilipendeza.

Mke wako,
Mizani


Nyumbani, 11 Machi

Mizani wangu mpenzi,

Shikamoo yangu mpe mama, na umwambie ndevu zile nilinyoa mimi, tena bila kulipwa, na marehemu hakulalamika.

Tangu serikali ikupe hiyo kazi ya kukagua mizani za sokoni, hata salamu zangu unazipima. Haya, pima na hii: namba ninayoiona ni sifuri. Nimeitazama kwa jicho la kulia, nikaitazama kwa jicho la kushoto. Sifuri, duara zuri kama upara wa mwalimu wetu wa zamani.

Chujio la tope nalo nimelibadilisha, lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Jipya jeupe, zuri, mpaka unaona huruma kulichafua. Samaki wanakula. Wale wawili wa michirizi wanagombana asubuhi na kupatana jioni, kama watu fulani ninaowajua. Hakimu, yule wa njano, bado ananitazama kana kwamba nimeiba kitu na anasubiri shahidi tu.

Nyumba ni kubwa bila wewe. Nikikohoa, najibiwa na ukuta. Rudi mama akipona, na ukiweza mhimize apone upesi.

Kinyozi wako


Kwa mama, 15 Machi

Wifi yangu,

Barua hii isome peke yako. Kaka yako asiione.

Unaijua kazi yetu. Tukienda sokoni hatumuulizi muuza nyama kama mizani yake ni sawa. Atasema ni sawa, nani atasema vingine? Tunaweka jiwe letu ambalo tunajua uzito wake, tunanyamaza, tunamsikiliza atasoma namba gani. Basi mimi kabla sijaondoka niliweka jiwe langu nyumbani. Kile kichupa cha mwisho kwenye mashine ya maji, nilitoa chenga nzima nikatia za zamani zilizokwisha nguvu. Samaki hawadhuriki kwa muda mfupi, hilo nililiangalia. Lakini namba haiwezi kuwa sifuri, si kwa dawa wala kwa dua. Nilitaka nione ataniandikia nini.

Ameniandikia sifuri. Tena kwa madoido.

Utasema ni jambo dogo. Mtu anayenidanganya namba moja ya maji, ambayo haimpunguzii wala haimwongezei, atanidanganya mangapi yenye faida kwake? Halafu anasema kabadilisha chujio la tope. Kopo la chujio lile nililikaza mwenyewe kwa spana, na kaka yako kidole gumba cha mkono wa kulia hakikunji tangu kile kisa cha mashine ya kunyolea. Nani kamfungulia?

Baba yangu naye alikuwa mcheshi. Alimchekesha mama miaka yote, na mama akaja kumjua mke mwenzake siku ya mazishi, wamekaa mkeka mmoja. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nagawa maji ya kunywa. Nilijiapia kwamba mimi sitangoja mazishi.

Chumba chako kinatazamana na jiko letu. Sikuambii umpeleleze kaka yako. Nakuambia usifumbe macho.

Wifi yako


Nyumbani, 22 Machi

Wifi yangu wa nguvu,

Barua yako nimeisoma nimejifungia chooni, maana ua wetu ni mmoja na macho ni mengi. Kwanza niseme hivi: huyu ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, na kazi uliyonipa ni mbaya. Pili niseme kwamba nimeifanya vizuri sana.

Jumamosi, siku ambayo vichwa vinapanga foleni, kaka kafunga kibanda mchana kweupe. Nikadhani anaumwa. Mara akaja mwanamke. Ni yule mwenye duka la samaki wa mapambo, yule anayepaka wanja mpaka karibu na masikio. Mkononi ana ndoo yenye kifuniko na mfuko mweusi. Hakubisha hodi kama mgeni, wifi. Aligonga mara moja akasukuma mlango.

Nikachukua ufagio, nikafagia chini ya dirisha la jiko lenu mpaka sementi ikaomba msamaha. Ndani maji yanachuruzika, vitu vinagongana, mara wanacheka, mara kimya. Ule ukimya ndio ulioniudhi. Halafu nikamsikia kaka, kwa masikio yangu haya, anasema, "Nakuomba sana, mke wangu asijue." Yule mwanamke akajibu, "Akijua, hatajua kwangu." Alipotoka nguo zilikuwa zimemlowa, na ule wanja wote haukuwepo usoni.

Nikaingia kwa kisingizio cha kuomba kiberiti. Kaka katoka jasho, shati limemgandia, anatabasamu kama aliyepata mtoto. Tangi linang'aa, samaki wote wapo, nimewahesabu. Nikamuuliza, "Mgeni wako alikuwa nani?" Akaniambia, "Mgeni gani?" Wifi, nilikuwa nimesimama juu ya unyayo wake, haujakauka.

Mimi simsingizii mtu. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na Jumamosi iliyotangulia pia kibanda kilifungwa, jirani kaniambia. Fanya utakavyoona, ila jina langu liweke mbali.

Wifi yako akupendaye


Kwa mama, 25 Machi

Kwa mume wangu,

Usiniulize nimejuaje.

Namba uliyoniandikia haikuweza kuwa ya kweli. Najua Jumamosi unafunga kibanda. Najua kuna ndoo yenye kifuniko, na najua ni nani uliyemwomba nisijue. Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata kona.

Nimeomba uhamisho. Ofisi ya huku ina nafasi ya mkaguzi, mkuu wangu ameshatia saini, naanza kazi mwezi ujao. Sirudi tena huko. Nguo zangu mpe dada yako anitunzie.

Samaki waendelee kupata maji safi mpaka ujue la kufanya nao. Wao hawajanikosea.

Mimi niliyekuwa Mizani wako


Nyumbani, 29 Machi

Mke wangu,

Barua yako ilinikuta na mteja nusu kichwa. Nusu ya pili sijui niliinyoaje, kaondoka na mstari uliopinda kama njia ya mlevi, na kwa adabu zake akasema ahsante.

Mficha uchi hazai, basi na nivue.

Siku ileile uliyoondoka nilipima maji. Kipimo kikasoma tisa. Nikakifuta kwa shati, nikapima tena. Tisa. Nikajua nimeharibu. Labda nilifungua bomba kwa nguvu, labda nilifunga pasipofungwa, lakini mashine uliniachia nzima, na mkononi mwangu imekufa kabla basi lako halijatoka mjini. Niliogopa, mke wangu, na sikuogopa kwa ajili ya samaki tu. Nilikuona kabisa ukisoma hiyo "tisa" na kusema kwa ile sauti yako ya chini, "Nilijua." Matusi nayavumilia. Hilo "nilijua" siliwezi.

Nikatia maji kwenye chupa, nikaenda kwa yule mama wa duka la samaki. Akapima, akaniuliza chenga za kichupa cha mwisho zina rangi gani. Nikamwambia kahawia. Akasema zikiwa nzima ni za bluu, na hizi zimekwisha zamani, si za jana wala juzi, kwani mwenye mashine hakuangalia kabla ya kusafiri? Nikakasirika pale dukani. Nikamwambia mke wangu anakagua mizani za mji huu wote, hawezi kusahau kitu kama hicho, kama zimekufa basi nimeziua mimi. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Sawa baba," akanipimia nyingine. Kufika nyumbani na kuzitia, namba ikashuka mpaka sifuri. Nilipiga kelele peke yangu jikoni.

Ndiyo sifuri niliyokuandikia. Niliiona kwa macho yangu. Nilichokuficha ni ile tisa ya mwanzo, na hilo ni kosa langu, nalikubali.

Sasa Jumamosi. Nilichoka kuwa mtu wa kuachiwa maelekezo kama mtoto anayeachiwa chungu jikoni. Nikamwomba yule mama anifundishe mashine yote. Kufungua makopo kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia unaujua. Kupaka mafuta kwenye ile pete ya mpira ili kopo lisivuje. Kuusafisha utando kwa maji ya kasi, kusoma geji ya presha. Ile ndoo yenye kifuniko ina maji safi kutoka dukani kwake, ya akiba, mashine ikiwa imefunguliwa. Tulicheka, sikatai. Kopo lilimfyatukia likamwogesha, wanja wote ukashuka mpaka kidevuni. Nilimwomba usijue kwa sababu nilitaka urudi uketi kwenye kiti, mimi niifungue mashine nzima mbele yako na kuifunga, na wewe ukose la kusema. Mwanamume naye ana ndoto zake.

Nani kakuambia, siulizi, ingawa ufagio niliusikia.

Kuhusu uhamisho bado sina neno. Nakaa kwenye kiti cha wateja najitazama kwenye kioo. Nipe muda kidogo nitakuandikia.

Kinyozi wako, kama bado unanitaka


Kwa mama, 4 Aprili, mchana

Mume wangu,

Barua yako imenifikia leo. Kondakta aliisahau kwenye droo ya basi, ikaenda mwisho wa safari na kurudi sijui mara ngapi. Mara ya kwanza nimeisoma nikikagua, kama kawaida yangu. Mara ya pili nimeshindwa kuimaliza.

Chenga hukuziua wewe. Nilizitia mimi zikiwa zimekwisha, kwa makusudi, asubuhi ya safari, wewe ukiwa umeenda kuniitia bodaboda. Nilikutega kama ninavyowatega wauza nyama. Nilijua namba haitakuwa sifuri, nikakaa huku nikingoja uniandikie sifuri ili niseme lile neno usiloliweza. Na mtu baki, asiyetujua, alikuambia ukweli kwamba kosa ni la mwenye mashine, wewe ukamkasirikia. Ukanitetea kwa jambo ambalo nimelifanya kweli. Naona haya, Kinyozi. Naona haya mpaka mama kaniuliza kama nina homa.

Nimemsimulia yote. Nilidhani yeye atanielewa kuliko watu wote. Kasema, "Baba yako sikumjaribu hata siku moja. Wewe wako unamjaribu kila siku. Mbona sote tumelala chumba kimoja leo?"

Na sijamaliza, nivumilie. Uhamisho sikuuomba. Hakuna nafasi, hakuna saini, mkuu wangu hajui lolote. Hilo nalo lilikuwa jiwe langu. Nilitaka nione utakuja mbio au utashusha pumzi kwa kuepukana nami. Wanasema mtego wa panya hunasa waliokuwamo na wasiokuwamo, nami sasa nimeshikwa mguu kwenye wangu mwenyewe.

Usifanye lolote. Nakusihi, usihamishe hata kigoda. Nyumba yangu ni hiyo, na nitarudi mama akianza kutembea na fimbo, kama utanifungulia. Kesho nitapanda gari mpaka mjini nikupigie simu, niyaseme haya kwa mdomo wangu. Barua hii natanguliza na basi la leo.

Dada yako usimgombeze. Mimi ndiye niliyempa ufagio.

Mke wako


Nyumbani, 4 Aprili, jioni

Mke wangu,

Nimengoja jibu lako halijaja, na sikulaumu. Nilikuambia nitatafuta neno, nimelipata. Kama kazi yako imehamia huko, na mimi nahamia huko. Kwani vichwa vya huko havioti nywele?

Kibanda nimemwachia yule kinyozi wa kona ya pili, ambaye amekitamani tangu siku nilipokifungua. Leo amenyoa wateja wangu mimi nikiwa nimesimama pembeni, mikono haina kazi. Mzee mmoja aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, naenda kwa mke wangu. Ufunguo wa nyumba nimemrudishia mwenye nyumba, naye keshapata wapangaji, wana watoto wadogo, wataipenda ile veranda.

Tangi halisafiri. Kioo kirefu vile kwenye basi ni kuita balaa. Nimempa mama wa duka pamoja na samaki wote, kaahidi hatawauza. Wale wawili wa michirizi waliingia kwenye ndoo bila ubishi. Hakimu aligoma. Tulimzungusha mpaka tukachoka, nikaacha, nikatia mkono majini nikatulia tu, akaja mwenyewe. Nililia dukani, mke wangu, mbele ya wateja wa watu.

Mashine ndiyo ninayokuja nayo. Nimeifungua yote peke yangu, kopo moja moja. Utando nimeuviringisha kwenye taulo mbichi na kuufunga ndani ya mifuko miwili, maana ukikauka umekufa na hakuna wa kuufufua. Nitaupakata njia nzima. Huko tutaanza na tangi dogo, na safari hii maji nitachuja mimi.

Basi langu ni la alfajiri, barua hii inatangulia na la usiku. Mwambie mama asihangaike na chakula.

Dada ndiye aliyekataa kabisa. Tangu mchana kasimama mlangoni na begi langu kalikumbatia. Anasema, kaka, ngoja kwanza, uione hiyo barua ya uhamisho, uone mhuri, uone saini, ndipo uondoke. Analia huku anasema, na kuna jambo liko kooni mwake halitoki. Nimemwambia dada yangu, nione barua gani nyingine? Mke wangu ameniandikia kwa mkono wake.

Kinyozi wako